Maua ya Mamu wa Pembeni

Siku hizi simu ikilia jioni siipokei haraka. Mimi ndiye mkubwa katika watoto wa ukoo wetu waliobaki, na kila simu inakuja na mgonjwa, au matanga, au ugomvi wa ndugu wawili wanaotaka mtu wa tatu wa kumlaumu. Ile nayo niliiacha ilie hadi ikakatika. Ikalia tena. Nikaipokea nikiwa kwenye kiti, viatu vya kazi bado miguuni, maana mimi ni muuguzi hapa Lubumbashi na miguu yangu imezeeka kabla yangu.

Sauti ya mwanamke ikaniita kwa jina la utotoni, jina ambalo hata mama yangu mzazi alikuwa ameacha kulitumia. Nikaketi vizuri. Alikuwa binti wa jirani yetu wa zamani kule Likasi, rafiki yangu wa kuruka kamba, na alikuwa akipiga kutoka Mwene-Ditu, Kasai.

"Mama alikufa, mwaka ilipita," akaniambia. "Mpaka mwisho alikuwa anauliza maua yake. Iko bado kwenu?"

Nikamuuliza kwani huko Kasai hayapo.

"Iko mingi mu pori," akasema. "Lakini ile ya mu pori, hakuna muntu alitupatia."

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilimwelewa papo hapo. Alitaka kuyapanda kwenye kaburi la mama yake tarehe mosi ya mwezi wa nane, siku ya wazazi, asubuhi ile ambapo sisi Wakongo tunakwenda kupalilia makaburi ya waliotuzaa kabla ya kurudi nyumbani kuwapikia walio hai. Mwezi wa saba ulikuwa umekwisha anza. Sikumwambia kwamba nyumba ya bibi yangu iliuzwa na mjomba, na kwamba sikujua kilichobaki uani. Nikasema tu kwamba nitaenda kuangalia.

Acha nikueleze uwanja ule ulivyokuwa, rafiki yangu, maana usipouona hutaelewa kwa nini mwanamke mzima aliacha usingizi wake wa Jumamosi kwenda kutafuta kiazi cha ua.

Bibi yetu tulimwita Nkambo, kama watu wengi wa Katanga wanavyowaita mababu na mabibi zao. Alikaa katika nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili na jiko la nje, kwenye barabara ya vumbi jekundu ambayo king'ora cha kiwanda kiliiamsha kabla ya jogoo. Nyuma ya nyumba palikuwa na lengalenga na matembele, kwa ajili ya tumbo. Mbele, kuanzia mlangoni hadi kwenye ua wa miti ya miyombo uliotutenga na barabara na majirani, palikuwa na maua, kwa ajili ya Nkambo mwenyewe. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Lakini ungemkuta jioni ameinama kati ya maua yake akiyasemesha kwa sauti ya chini, na ukimsogelea alijifanya anakohoa.

Kazi yangu ilikuwa maji. Kiangazi cha Likasi kina baridi asubuhi na vumbi mchana, na maji ya bomba yalikuja yakitaka. Kwa hiyo maji ya mwisho ya kusuuzia nguo hayakumwagwa. Niliyabeba kwenye beseni, yakinimwagikia tumboni, na Nkambo aliniongoza kwa mkono kutoka shina hadi shina. "Ya Masœur kidogo tu. Ya Boulanger mwaga yote. Hapo kwa Mama wa Mikate usimwage, anaoza."

Hayo ndiyo yalikuwa majina. Kwetu ua halikuitwa kwa rangi yake wala kwa umbo lake. Liliitwa kwa aliyekupa. Yale meupe yenye umbo la faneli alipewa na mtawa mmoja wa parokia, basi yalikuwa maua ya Masœur hadi kiama, na kila Jumamosi tulikata machache kwa ajili ya altare. Yale mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba alipewa na mwokaji wa mkate, yakawa ya Boulanger. Mwokaji alikuwa mnene mwenye mashavu mekundu, mzungu wa mwisho mwisho, na alikwisha rudi kwao kabla sijazaliwa, lakini mimi nilimjua, maana nilimnywesha maji kila siku.

Ukimpa mwingine kipande, kule kwake lilibadilika likawa na jina lako. Ua moja liliweza kuwa na majina manane katika barabara moja, na hakuna aliyegombana. Kulikuwa na sheria moja tu, na hiyo haikuwa na mchezo: mmea haushukuriwi. Ukipewa chakula unasema asante, ukipewa nguo unasema asante. Ukipewa mche unapokea kwa mikono miwili, unageuka, unaenda zako. Ukisema asante, haushiki. Nilimwona Nkambo akimnyang'anya mwanamke mche mkononi kwa sababu alishukuru, akaurudisha ardhini, akamwambia aje tena kesho akiwa na mdomo uliofungwa.

Nilipofika shule ya sekondari nikapata mwalimu wa biolojia aliyependa majina. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye koti moja, na aliandika ubaoni majina ya Kilatini kwa mwandiko wa kanisani, kisha ya Kifaransa chini yake, kisha akatuuliza nyumbani tunayaitaje. Maua ya Masœur yakawa Zantedeschia aethiopica, na Kifaransa arum. Ya Boulanger yakawa Canna indica, balisier. Nilitoka mbio hadi nyumbani nikiwa nimebeba majina hayo kama mayai. Nkambo alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo.

"Nkambo, ya Boulanger jina yake ya kweli ni Canna!"

Hakuinua hata macho. "Na huyu Canna, alikuwa anaikala avenue gani?"

Nilikasirika, nikamweleza kwamba si mtu, ni jina la wataalamu wa dunia nzima. Nikamweleza pia kile mwalimu alichotuonyesha kilimani, ua dogo la zambarau linaloota kwenye udongo wenye shaba, ambalo jina lake la Kilatini linaishia na katangense, yaani la Katanga. Hapo aliinua macho. Akasema hilo ndilo kosa la wenye vitabu.

"Fasi haipatiake muntu maua," akasema. "Muntu njo anapatia."

Alimaanisha kwamba mahali hapatoi kitu. Anayetoa ni mtu. Kisha akanituma kupuliza makaa kwenye mbabula, na mjadala wa sayansi ukaishia hapo.

Sasa nije kwa jirani. Yeye tulimwita Mamu, kwa heshima ya lugha ya kwao, Tshiluba, na ili asichanganywe na akina Mamu wengine wa mtaani tulimwita Mamu wa Pembeni. Mume wake alizaliwa Likasi, mtoto wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai zamani kufanya kazi ya shaba. Mamu mwenyewe aliletwa kwa treni akiwa bibi harusi, na alikuja na sufuria, kitenge, na kiazi kimoja cha ua kutoka uani kwa mama yake. Alikuwa mcheshi kupita kiasi. Alipokaanga kitu, mtaa mzima ulijua, na alipocheka, Nkambo upande wetu wa ua alitikisa kichwa huku midomo ikimcheza. Walikuwa wakipitishiana vitu juu ya ule ua wa miyombo: chumvi, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa, habari za watu. Sijawahi kuona marafiki wawili waliosuguana vile na kupendana vile.

Maua yake yalipanda kwenye fito kwa kujishika na ncha za majani. Yalikuwa na petali zilizopinda kuelekea juu, nyekundu zenye ukingo wa manjano, na wapita njia walisimama kuyatazama. Mwalimu alipoyaona alisema Gloriosa superba, na akatuonya kwamba yana sumu, jambo ambalo Mamu alikwisha tuambia kwa kibao. Tofauti na mengine, haya hayakuonekana mwaka mzima. Kiangazi kilipoingia shina lilikauka, likaanguka, na pale mahali pakabaki vumbi tupu. Usingejua kuna kitu. Chini kiazi kililala, kimepinda pembe kama jembe, kikingoja mvua ya kwanza. Mamu alikuwa na jina lake kwa Tshiluba. Nililisikia mara nyingi, na limenitoka. Rafiki yangu naye limemtoka.

Nkambo aliyatamani maua yale miaka mingi, na Mamu alikataa kumpa. Ulikuwa utani wao. "Siku nikikupatia ile, nitabakia na nini ya kukuringishia?" alisema, na wote wawili wakacheka.

Halafu ikaja ile miaka ambayo siasa iliwaambia watu wa asili ya Kasai kwamba Likasi si kwao. Wewe unajua, au umesikia. Sina nguvu ya kuisimulia yote, na sijui kama kuna mtu mwenye nguvu hiyo. Nasema tu nilichokiona kama mtoto. Niliona milango imeng'olewa. Niliona watu tuliosali nao Jumapili wakipita mbele ya nyumba ya Mamu wakiimba nyimbo ambazo hazikuwa za kanisa. Mume wake alizuiwa getini kazini. Asubuhi moja walifunga godoro, sufuria na watoto, wakaenda kituo cha treni, ambako tayari maelfu ya watu walikuwa wamelala chini wakingoja mabehewa.

Kabla ya kwenda alikuja kwenye ule ua wa miyombo. Ilikuwa kiangazi. Alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Akampitishia Nkambo kiazi kile, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge chake, na safari hii hapakuwa na utani.

"Chunga hii," akasema. "Kama minye sirudie, mutoto yangu atakuya kukamata."

Nkambo alikipokea kwa mikono miwili. Akageuka, akaingia ndani. Watu waliotazama walisema kwa miaka kwamba yule mama wa kabila la Kisanga alikuwa na moyo wa jiwe, rafiki yake anafukuzwa na yeye hata kumshukuru hakumshukuru. Mimi nilikuwa ndani. Nilimwona amekaa sakafuni, amekikumbatia kile kiazi, mdomo ameufunga kwa kiganja ili sheria isivunjike.

Tulipeleka chakula kituoni. Nkambo alifunga bukari, ugali wetu, kwenye kitambaa, mimi nilibeba sombe, na tulipita katikati ya mtaa mchana kweupe, watu wakituangalia. Kuna aliyemwambia aache. Nkambo alimjibu kwamba bukari ikipoa haisubiri siasa. Tulifanya hivyo mpaka siku tuliyofika tukakuta mahali pao pana majivu na vigae vya chungu tu. Treni ilikuwa imeondoka. Tulirudi na chakula chetu kikiwa na moto bado.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maua ya Mamu yakaota uani kwetu. Nkambo alikuwa ameyazungushia mawe, na alinikataza hata kuyamwagia maji mwenyewe. Yalipozaa viazi vingine akaanza kuvigawa, na nikashangaa, kwa kuwa nilidhani angeviweka kama dhahabu. Alisema mmea ulio kwa mtu mmoja unangoja tu kufa. Akavigawa nyumba kwa nyumba, hata kwa wale walioimba. Hapo nilimkasirikia. Sasa nimechoka kukasirika na nadhani naona alichokuwa akifanya: alitaka Mamu asitoke mtaani.

Basi Jumamosi ile nikashuka Likasi, mgongo ukilalamika, nikakodi baiskeli ya mtu inibebe hadi mtaani kwetu. King'ora hakilii tena. Ua wa miyombo haupo, kuna ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu. Geti lilikuwa wazi, nikachungulia. Uani pote palikuwa pametandikwa pavés, vile vitofali vya saruji ambavyo kila mwenye gari anavitaka siku hizi, safi kabisa, vimepangwa kuanzia mlangoni hadi barabarani. Juu ya Masœur palikuwa na jenereta. Juu ya Mamu palikuwa na gari jeupe. Nyumba ya pembeni, ambamo rafiki yangu alizaliwa, sasa ni gereji.

Nikakaa kwenye jiwe upande wa pili wa barabara. Sikulia. Nilikuwa nafikiria tu maneno ya kumwambia rafiki yangu kwenye simu, na kila niliyoyapanga yalikuwa na ladha mbaya. Mama yule alikabidhi kitu, akaahidiwa bila neno, na sisi tumemwaga saruji juu yake.

Mwanamke wa nyumba ile niliyokaa mbele yake akatoka na ufagio, akaniamkia, akaniuliza kama naumwa. Umri wake ulikuwa kama wa binti yangu. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa Nkambo wa pale ng'ambo, nimekuja kutafuta ua fulani lililokuwa uani. Nikamwonyesha kwa vidole jinsi petali zilivyopinda.

"Aa, ile!" akasema. "Ile ni maua ya Nkambo. Mama mukwe yangu njo alipewaka. Iko huku nyuma, inalala."

Nilimfuata. Nyuma ya jiko lake palikuwa na vumbi tupu lililozungushiwa mawe. Mawe yamezungushwa vile vile! Akaleta jembe, nikamwomba aache jembe, tukafukua kwa mikono. Kiazi kile ni chepesi kuvunjika, na kinaotea nchani. Ukivunja ncha umebaki na kitu cha kutupa. Tukafukua polepole hadi pembe ikaonekana, nyeupe chini ya vumbi, nzima.

"Hii si ya Nkambo," nikamwambia tukiwa bado tumepiga magoti. "Ni ya Mamu."

"Mamu gani?"

"Mamu wa Pembeni. Alikuwa anaikala pale, fasi kwenye iko gereji."

Akaangalia upande wa gereji, akafikiri kwa wema kabisa. "Minye nilikuta mwenye gereji tu," akasema. "Huyo simujue."

Hakuwa na hatia yoyote. Alizaliwa baadaye, aliolewa hapa, alipewa ua na jina lake kama desturi inavyotaka. Desturi yenyewe ndiyo iliyomfuta Mamu, desturi ile ile niliyoiona tamu nikiwa mtoto. Kila mkono uliopokea uliandika jina jipya juu ya la zamani. Akanikabidhi kiazi, nikafumbua mdomo, na yule binti akainua kidole chenye udongo.

"Ka! Usiseme."

Nikafunga mdomo. Nikapokea kwa mikono miwili, nikageuka, nikaenda zangu.

Nilikizika kwenye mchanga mkavu ndani ya kopo, nikampa mtu wetu aliyekuwa akisafiri, na kikapanda treni kwa njia ile ile aliyopandia Mamu. Sitakusimulia jinsi treni zetu zinavyokwenda. Kilifika, na kilifika kabla ya siku ya wazazi. Jioni ile simu ikalia nami nikaipokea upesi.

"Nimekamata," akasema rafiki yangu. "Haikuvunjika. Aksan…"

Akanyamaza ghafla. Niliisikia pumzi yake. Miaka yote ile, watoto wa Kasai wakimcheka kwa Kiswahili chake, mtoto wa Likasi aliyerudishwa kwao ambako hakuwahi kufika, na bado alikumbuka kufunga mdomo.

"Sasa nitaiita je?" akauliza. Nikamwambia ni maua ya Mamu, ayaite hivyo.

"Mama hawezi kujipatia yeye mwenyewe," akasema. "Na haiko ya weye, weye ulitumwa tu. Bantu bakiniuliza, nitasema ni maua ya Likasi."

Nikamkumbuka Nkambo na ungo wake wa dagaa. Mahali hapatoi, anayetoa ni mtu. Likasi haikumpa Mamu kitu. Ilimlaza chini kituoni, ikampakia kwenye behewa, ikamsahau. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini mama yake aliulilia mji ule hadi pumzi ya mwisho, na mimi nilikuwa nimechoka, na labda kuna mambo ambayo hata Nkambo hakuyajua. Nikamwambia ni sawa.

Kwa hiyo sasa kule Mwene-Ditu, juu ya kaburi, ni maua ya Likasi. Mtaani kwetu ni maua ya Nkambo, na binti yule akimpa mwingine yatakuwa yake. Kwa mwalimu, kama bado yu hai, ni Gloriosa superba. Hakuna mahali popote yanapoitwa ya Mamu, isipokuwa hapa, nilipokupa wewe. Yapokee kwa mikono miwili, na usiniambie asante.